Sekunde Kumi na Moja Nilizozikata

Uwase,

Ni Jumamosi, saa kumi jioni. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, uliisha saa tano, mitaro ya mtaa wetu imezibuliwa, na baba yako amekaa sebuleni akizungushia sanduku lako utepe kana kwamba linavuka bahari. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako. Nina kama saa mbili kabla hujarudi, na nitazihitaji zote, maana nimezoea kuandika habari ya dakika tatu na kurasa ndefu hunishinda.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako la mgongoni, penye chupa ya maji. Utaikuta njiani ukisikia kiu. Mambo ya pasipoti, cheti cha chanjo, namba ya mwenye nyumba wa Mwanza na soksi za akiba, baba yako ameyaandika kwenye karatasi yake na amekusomea mara mbili. Siyarudii. Mimi nataka kukueleza jambo moja ambalo nimelichunguza kwa miezi mitatu, na kosa nililolikuta ndani yake. Kosa ni langu.

Jambo lenyewe ni nia.

Unakumbuka lilivyoanza. Mhariri alinipa kazi ya kutengeneza kipindi juu ya watu wa Kigali wanaofanya yoga asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sikuitaka. Nilimwambia hiyo ni habari ya watu wa ubalozini, akasema basi nenda ukathibitishe. Nikaelekezwa kwa mwanamke anayeitwa Josiane, mzaliwa wa Bukavu, anayefundisha kila Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi pale Gisimenti, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la vifaa vya simu. Nilikuwa nimeshamchora kichwani: mwembamba, anaongea polepole, amevaa nguo nyeupe. Nikamkuta mama mnene mwenye fulana ya mpira wa miguu anafagia. Chumba kilinuka mishikaki ya jana ya baa ya jirani. Mikeka ilikuwa kumi na miwili, na wa kwanza kufika alikuwa fundi wa magari mwenye grisi kwenye kucha.

Nilimuuliza wanaanza na nini. Akasema wanaanza kwa kukaa kimya, kila mtu anaweka nia yake, halafu ndipo wanajinyoosha. Nikamuuliza kama nia ni sawa na lengo.

"Oya, hapana, Mama Redio," akasema. "Lengo iko kule mbele, unaikimbiza. Nia iko hapa, unatembea nayo."

Niliandika sentensi hiyo kwa sababu ilikuwa fupi. Sikuielewa. Mimi nimekulia Karagwe, mtoto wa wakimbizi na mtoto wa parokia, na nia niliyoijua ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, inayopelekwa sakristia Jumamosi. Jumapili padri anaisoma mbele ya wote: kwa nia ya familia ya fulani, mgonjwa wao apone. Watu wanageuza shingo kuona ni nani. Kwangu nia ilikuwa kitu kinachosomwa kwa sauti, na kikishasomwa, kazi inabaki kwa Mungu. Hii ya kukaa kimya juu ya mkeka na kujiwekea yako mwenyewe ilinitia udadisi, na mimi nikishaingiwa na udadisi huwa sipati usingizi mzuri.

Nikamwomba Josiane awaulize watu wake kama wangekubali kunong'ona nia zao mbele ya kinasa sauti, bila majina, na asiyetaka anyamaze tu. Akakubali. Nikakiweka kinasa sauti katikati ya chumba, nikabonyeza, nikashuka. Huo ni utaratibu wangu wa miaka mingi: watu husema vizuri zaidi mwandishi akishatoka. Nikaenda kunywa chai kwenye kibanda nyuma ya jengo. Nilikuwa na mkutano ofisini, kwa hiyo hata darasa halijaisha Josiane alinishushia kinasa sauti mwenyewe, nikapanda pikipiki nikaondoka.

Jumanne yake kipindi kikaruka hewani. Ulikuwa jikoni unakausha vyombo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na redio ndogo ya baba yako, nikisikiliza kazi yangu kama ninavyofanya siku zote, nikingoja pale ninapopapenda. Pakafika. Mnong'ono wa msichana ukasema: "Nia yangu ni kutoa jibu langu mwenyewe, hata kama aliyeniuliza ameshaondoka."

Nikakuambia, "Huyu ndiye amenibeba. Kipindi kizima kimesimama juu yake."

Ukaniuliza kama alisema hayo tu.

"Alichelewa kuanza. Nimemkata kidogo."

"Umemkata wapi?"

"Mwanzoni. Palikuwa na kimya tu."

Ulikuwa na sahani mkononi, na ilikuwa imeshakauka. Uliendelea kuifuta. Halafu ukasema, "Sawa, Mama," ukaiweka juu ya nyingine, ukaenda chumbani. Mimi nikaongeza sauti ya redio ili nisikie jina langu likitajwa mwishoni.

Hayo ndiyo yaliyotokea, kwa mpangilio wake. Sasa nikueleze kwa nini nilikata.

Nilipoanza kazi, nikiwa na umri unaokaribia wako wa sasa, tulikuwa na mzee mmoja kwenye chumba cha kuhariria. Alikuwa akisimama nyuma ya kiti chako na saa ya mkononi. Alisema kimya redioni ni mlango ulioachwa wazi, msikilizaji anatoka. Pumzi ya mtu kabla hajasema, toa. Kikohozi, toa. Pale anapotafuta neno, toa, mpe neno. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nakata kimya bila hata kutazama skrini, kama wewe unavyomenya viazi huku ukiongea. Miaka ishirini na sita nimewafanya watu wa nchi hii wasikike kama vile hawakuwahi kusita.

Kisichoandikwa mahali popote ni kwamba mkono uliozoea kukata hauachwi ofisini. Nilikuja nao nyumbani. Nilikuwa nakuuliza, "Shule ilikuwaje, nzuri?" na kabla hujavua begi nimeshageukia sufuria. Unakumbuka kile kiatu? Ulikuwa darasa la tatu, ukarudi na kimoja. Nikakuuliza kama umekipoteza kwenye mpira. Ukatikisa kichwa kukubali. Nikasema watoto na mpira, na wiki hiyo hiyo tukakununulia vingine. Miaka saba baadaye, kwenye gari tukitoka Kabuga, baba yako akanieleza kama mtu anayetaja jambo nililolijua zamani, kwamba wasichana wa darasa la sita walikuwa wakikirusha juu ya paa siku tatu mfululizo, na siku ya tatu hakikushuka. Yeye alikuwa amekukuta uani umekaa, akakaa pembeni yako, na baada ya muda ukamwambia. Nilimuuliza alikuuliza nini. Akasema hakuuliza kitu.

Nilikasirika kwa kuwa yeye alipata habari na mimi sikupata. Angalia hilo. Mtoto wangu alirushiwa kiatu juu ya paa, na mimi nilikasirika kwa kupitwa na habari.

Basi, baada ya kile kipindi, nilirudi Gisimenti kama mwanafunzi. Nilisema ni kwa ajili ya mgongo, na mgongo kweli unauma, lakini ilikuwa udadisi. Nilitaka kujua nia inafanyaje kazi. Nikanunua daftari, na kila asubuhi nikawa naandika moja, kwa mtindo ninaoujua, yaani kichwa cha habari. Leo nitakuwa mvumilivu. Leo sitamkatiza mtu. Jioni naweka alama ya vema au ya kosa. Siku ya tisa uliingia jikoni ukaanza kunieleza jambo juu ya barua ya chuo, na mimi nikakukatiza ili nikueleze kwamba leo simkatizi mtu. Baba yako alicheka hadi akaweka kikombe chini. Wewe hukucheka, na sikujiuliza kwa nini.

Nilimpelekea Josiane lile daftari, nikitarajia anisifu kwa bidii. Akafungua kurasa mbili tatu, akahesabu alama kwa kidole.

"Mama Redio, hii haiko nia," akasema. "Iko mashitaka. Na wewe ni jaji, wewe ni mushitakiwa, wewe ni polisi. Nani atalala katika hii nyumba?"

Nikamuuliza basi yake huwa nini. Alifikiri, akasema asubuhi ile nia yake ilikuwa kuhisi nyayo zake zikigusa ngazi alipokuwa anapanda. Nikamuuliza ndiyo hiyo tu. Akasema ngazi ziko kumi na tisa, na nyingi amezisahau, lakini nane alizihisi. Alisema hivyo bila aibu yoyote. Nane. Mimi ningeiita habari isiyofaa kutangazwa, na nilishuka ngazi zile nikizihesabu. Ni kumi na tisa kweli.

Chanzo cha pili, maana siandiki kwa chanzo kimoja, alikuwa Bi Zuhura wa upande wa pili wa ukuta. Nimeishi naye jirani miaka kumi na moja hapa Kagarama, nimekula futari yake kila Ramadhani, na sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta barazani kwenye cherehani, anapindia gauni la harusi la mtu. Nilimuuliza wao wanatiaje nia ya kufunga.

"Unaniuliza kama jirani au kama redio?"

"Kama jirani."

"Mbona umeshika kalamu?"

Nikaiweka. Akanieleza kwamba mahali pa nia ni moyoni, ulimi unausaidia moyo tu. Kwamba wao, kama walivyofundishwa kwao Ujiji, wanaitia upya kila usiku, na ya jana haiwafai leo. Nikamuuliza, na je, mtu akishindwa mchana? Akasema kushindwa kuna mlango wake na hukumu yake, lakini hilo ni swali jingine. Swali la nia ni dogo kuliko hilo: ulipoianza siku, ulijua unafanya nini, au ulijikuta tu una njaa?

Nikaanza kuuliza tena, akaninyamazisha kwa mkono wenye pini. "Mama Uwase, wewe hata Mungu utamhoji. Utamuuliza, na kabla hajafungua kinywa utamwambia asante kwa muda wako."

Alisema kwa utani. Nilicheka. Nikarudi nyumbani nikiwa na jibu la kitu nilichokuwa sijauliza.

Sasa nafika kwenye kosa.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilitangaza kwamba vinasa sauti vya zamani vinarudishwa stoo. Kabla ya kurudisha unatakiwa kufuta kila kitu. Mimi sifuti kitu kabla sijakisikiliza, ni tabia. Nikavaa spika za masikioni pale kwenye meza yangu, saa nane mchana, watu wakila, nikafungua lile faili la Gisimenti lisilokatwa. Dakika arobaini na saba. Sikuwa nimelisikiliza hivyo hata siku ya kuhariri. Siku ile nilikuwa nimelitazama tu kwenye skrini, kwa sababu maneno huonekana kama vilima na kimya huonekana kama mstari, na mimi niliruka kutoka kilima hadi kilima.

Nikafika kwa msichana wangu aliyenibeba. Kabla ya sentensi yake kuna sekunde kumi na moja. Kwanza ni pumzi. Halafu pikipiki inapita chini barabarani. Halafu, karibu kabisa na maikrofoni, kitu kidogo kikigonga: ti, ti, ti. Kinatulia. Ti, ti, ti.

Ni ukucha wa kidole gumba kwenye jino la mbele. Unafanya hivyo tangu una miaka minne, unapokuwa na jambo ambalo hujaamua kama utalisema.

Mnong'ono hauna mwenyewe, Uwase. Hilo nililijua kitaalamu. Mtu akinong'ona koo halifanyi kazi, sauti yake haitambuliki hata na mama yake. Lakini kimya kile kilikuwa na mwenyewe. Ungeweka mbele yangu vimya mia moja ningekichagua chako. Ndicho nilichokitoa, nikakitupa, nikabaki na maneno ambayo yangeweza kuwa ya mtu yeyote, nikayapeleka hewani, halafu nikakusifia wewe kwa wewe mwenyewe jikoni.

Niliondoa spika masikioni. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata kitu. Nikasema hapana, nafuta tu.

Siku iliyofuata nilipanda ngazi za Josiane nje ya ratiba. Nikamuuliza kama alijua kwamba wewe ni wangu.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Alikuja nyuma ya wengine, akaona ile mashini na utepe yake ya kijani, akacheka peke yake. Akaniuliza: mwenye hii iko wapi? Nikamwambia iko chini, inakunywa chai. Akasema: basi na mimi nitaongea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza watu iko ngapi."

Utepe wa kijani uliuzungushia wewe mwenyewe kwenye mshikio wa kile kinasa sauti, mwaka ule ulipopasuka. Kwa hiyo ulijua unaongea mbele ya nani. Sijui zaidi ya hapo. Sijui kama ulitaka nisikie, au ulitaka kusema tu mahali ambapo sipo. Ulikuwa umetuambia Alhamisi unakwenda kukimbia, na tangu nianze mimi kwenda kule, wewe hukuonekana tena. Nimejipa sababu nne za hilo, na kila moja inaanza na mimi, kwa hiyo nimeziacha.

Utajiuliza kwa nini sikukwambia kwa wiki mbili hizi. Nilijaribu. Nina ukurasa mzima wa maswali kwenye daftari lile lile. "Ulikasirika niliposema nimekukata, siyo?" "Hukudhani ningetangaza uliyosema, eh?" "Ulikuwa unanisema mimi au mtu mwingine?" Nilipoyasoma tena niliona kila moja limeshabeba jibu lake tumboni, na wewe ungebaki na kazi ya kutikisa kichwa, kama kwenye kile kiatu.

Halafu nikaona jambo baya zaidi. Tangu barua ya chuo ifike nimewaeleza watu wote, mama zangu wadogo, Bi Zuhura, wenzangu kazini, kwamba unakwenda kusomea tiba ya viungo kwa sababu ulikua ukiniona nikiteseka na mgongo. Ni sentensi nzuri. Ina chanzo na matokeo, na watu wameipenda. Alhamisi hii, nikiwa nimelala chali kwenye mkeka ambao pengine ulikuwa wako, nilijaribu kukumbuka nani aliniambia. Nilipekua kama ninavyopekua habari ya mwandishi mchanga. Hakuna aliyeniambia. Chanzo ni mimi. Chuo cha fani hiyo kipo hapa nchini, na wewe ulichagua cha Mwanza, safari ya siku nzima, miaka mitatu, na hakuna mtu katika nyumba hii aliyekuuliza kwa nini. Baba yako haulizi, hukaa tu pembeni, na huenda anajua. Safari hii sijamuuliza yeye.

Sina mafundisho ya kukupa juu ya nia. Umefika kwa Josiane kabla yangu. Naweza kukuambia nilichokiona mwenyewe. Zile kubwa, za kuwa mvumilivu na kuwa mtu mwema, zilinipa sifa asubuhi kabla sijafanya kitu, na kufika saa mbili zilikuwa zimekwisha kama chaji ya simu mbovu. Zile nilizomwekea mtu mwingine, kwamba leo Uwase afunguke kwangu, zilikuwa amri zilizovaa kanga. Zilizodumu ni mbili tatu ndogo za kipuuzi: kuweka simu chini kabla ya kuitikia hodi, kumaliza kumeza kabla ya kujibu. Hizo niliweza kujua, kama anavyosema Bi Zuhura, kwamba nafanya kitu na sijajikuta tu. Mgongo umepungua kuuma. Sijui kama ni nia au ni kule kujinyoosha, na Josiane naye hajui; nilimuuliza, akasema maswali mengine ni ya daktari.

Huko utakapokuwa utaamka siku ambazo nia pekee itakuwa kutafuta maji ya kuoga. Nadhani na hiyo inatosha. Lakini hapo nakisia tu.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo ya kinasa sauti. Faili lako liko humo, zima, na kimya chake. Kwenye mashine ya ofisi nimelifuta na nakala sina. Ni mara ya kwanza katika kazi yangu kumrudishia mtu sauti yake, na nimeona ni vizuri nianze na yako.

Sasa kuhusu kesho. Basi linaondoka Nyabugogo saa kumi na mbili asubuhi, na baba yako atataka tuwe pale saa moja nzima kabla, kwa hiyo chai tutakunywa mapema. Yeye atakuwa nje anapakia sanduku na kulifungua tena kuhakikisha. Tutabaki wawili mezani kwa dakika kama kumi. Nimeweka nia moja, na hii sikuiandika kwenye daftari. Nitakuuliza, "Uwase, kwa nini unaondoka?" Kisha nitaweka mikono yangu miwili chini ya mapaja, kwa sababu mkono wangu ukiwa huru hutafuta kitu cha kukata, na nitasubiri. Kama ni sekunde kumi na moja, ziwe kumi na moja. Kama baba yako atapiga honi nje, atapiga. Kama hutasema kitu, basi nitakuwa nimekusikia hujasema, na sitakuwekea neno.

Ninajijua. Nimefanya kazi ya kuwawekea watu maneno miaka ishirini na sita, nimefanya nia hii kwa siku mbili. Mtu wa kamari asingeniwekea hata shilingi.

Nasikia geti. Ni wewe, unalisukuma kwa goti kama kawaida, na baba yako anakuambia usilivunje siku ya mwisho. Naikunja hii.

Wewe unayesoma hapa una chupa ya maji mkononi, na pengine mmeshavuka daraja la Rusumo pale mpakani na kubadilisha upande wa barabara. Kwa hiyo unalijua jambo ambalo mimi, ninapoandika, bado silijui: kama nilisubiri.

Mama yako